«SI KITU»: Neno la Kale la Waingereza, na Watu Tunaowaita Bure



Dominika moja, baada ya Misa, kijana wa sekondari alinijia akiwa na kitabu mkononi. Kilikuwa Biblia ya Kiingereza cha kale, ile iliyotolewa mwaka wa 1611 kwa amri ya Mfalme James, ambayo ndugu zetu Waprotestanti wa Uingereza waliitumia miaka mingi. Nilidhani amekuja kuniuliza jambo la imani. Kumbe shida yake ilikuwa neno moja tu. Alinifungulia Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, pale watu wa Yeriko wanapomlalamikia nabii Elisha kwamba mji wao umejengwa mahali pazuri, lakini maji yake hayafai na nchi haizai. Katika Biblia ile maji hayo yameitwa «naught». Kijana alikuwa amelitafuta neno hilo katika kamusi yake ndogo, akaona limefasiriwa hivi: hakuna kitu, sifuri. Basi akaniuliza: «Mwalimu, kama maji yalikuwa hakuna kitu, Elisha alitia chumvi yake ndani ya nini?»

Tulicheka wote wawili. Lakini nilipofika nyumbani swali lile halikuniacha. Kamusi haikusema uongo, ila ilisema nusu tu, na nusu ya maana hupoteza watu sawasawa na uongo. Katika makala haya nataka kulipima neno hili: lilizaliwa namna gani, lilisafiri wapi, na lilitumiwa kwa haki au kwa dhuluma. Msidhani ni mchezo wa wasomi. Mwishoni mtaona kwamba sisi pia, katika vijiji na mitaa yetu, tunalo neno la namna hii, tena tunalitumia kila siku juu ya watu wa Mungu.

I. NENO LILIVYOZALIWA

Waingereza wa kale, yaani Waanglo-Saksoni, ambao Mt. Augustino wa Canterbury alianza kuwahubiri mwaka wa 597, walilitengeneza neno hili kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni «ne», ambacho kazi yake ni kukana. Cha pili ni «a», maana yake sikuzote. Viwili hivi vilishikana vikawa «na», yaani kamwe, hata siku moja. Cha tatu ni «wiht», maana yake kiumbe au kitu. Basi neno zima, «nawiht», lilikuwa na maana ya: kamwe hakuna kiumbe. Midomo ya watu ikalisaga karne kwa karne, kama mto unavyosaga jiwe, mpaka likawa «naught». Wengine walitamka «nowiht», na huko ndiko lilikotoka «nought», pacha wake.

Kipande kile cha tatu kinastahili tukitazame vizuri. Askofu Leofric, aliyekufa mwaka wa 1072, aliliachia kanisa lake kuu la Exeter kitabu kikubwa cha mashairi, na ndani yake mna vitendawili zaidi ya 90. Katika vingi vya vitendawili hivyo kitu chenyewe ndicho kinachosema. Kinajitambulisha kuwa ni «wiht», kiumbe cha ajabu, kinaeleza maisha yake na taabu zake, kisha kinamwachia msikilizaji atambue ni nini: ngao, nanga, kitunguu, ndege wa majini. Sisi tuliolelewa kwa «Kitendawili! Tega!» kando ya moto tunaelewa mara moja. Kwa watu wale «wiht» ni kila kilicho, kikubwa au kidogo, mradi kipo na kina habari yake ya kusimulia. Neno hilo halijafa kabisa. Limebaki katika «wight», jina la kale la mtu au kiumbe, na katika «whit», yaani chembe ndogo kabisa.

Tena neno letu lilizaa mtoto ambaye kila mwanafunzi wa Kiingereza anamjua bila kumjua mama yake. Ni «not», neno la kukanusha. Zamani Mwingereza alikana kwa kuweka «ne» mbele ya kitendo, ikatosha. Baadaye, kwa kutaka kutia nguvu, akaongeza «nought» nyuma, kama mtu asemaye: «Sikuona, hata kitu kimoja.» Mwishowe «ne» ilichoka ikaanguka, na «nought» iliyofupishwa ikabaki peke yake kufanya kazi yote. Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, alieleza mwendo huu katika kitabu alichotoa mwaka wa 1917. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaouona mwendo uo huo katika «ne… pas», ambamo «pas» ilikuwa hatua ya mguu. Na katika mazungumzo Wafaransa wengi leo wanaiacha «ne» wanasema «pas» tu. Wajerumani nao wanaposema «nicht» wanatumia vipande vilevile vya Waingereza: kamwe, kiumbe.

Tuangalie lugha nyingine kidogo. «Rien» ya Kifaransa imetoka katika Kilatini «rem», maana yake kitu. Neno lililotaja kitu sasa linataja kutokuwapo kwa kitu. «Personne» ni mtu, na tena ni «hakuna mtu»: mgeni abishe hodi, ukiwa nje utamwambia kwa neno hilohilo kwamba nyumba haina mtu. «Nada» ya Wahispania imetoka katika neno la Kilatini linalotaja kitu kilichozaliwa. Na sisi? Sisi tunasema «hakuna kitu», «si kitu», «hakuna mtu».

Nimewasikia watu waliosoma wakisema kwamba Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina jina moja la kutaja kile ambacho vitabu vya falsafa vinakiita «le néant». Kwa maoni yangu shtaka hilo halina msingi. Waingereza walisema «hakuna kiumbe», nasi tunasema «hakuna kitu». Tofauti ni kwamba wao vipande vimeshikana mpaka mshono hauonekani, lakini kwetu mshono ungali wazi. Tena mshono ulio wazi ni faida, kwa maana unatuonyesha ukweli huu: hakuna mwanadamu awezaye kusema «si kitu» pasipo kutaja kwanza kitu. Kiumbe kinatangulia, kukana kunafuata. Anayetaka kusema nyumba ni tupu, lazima ajue kwanza mtu ni nini.

Na ile «sifuri» ya kamusi? Hiyo ni ya ukoo mwingine. «Sifuri» yetu na «zéro» ya Kifaransa ni ndugu, zote mbili zimetoka katika «sifr» ya Waarabu, yaani tupu. Waarabu walipokea hesabu hiyo kwa Wahindi, ambao mtaalamu wao Brahmagupta aliandika kanuni za sifuri mwaka wa 628. Na Leonardo wa Pisa aliwafundisha watu wa Ulaya katika kitabu chake cha mwaka wa 1202. Alama hiyo ilipofika Uingereza, watu waliipa pia jina lao la kale, «nought». Kwa hiyo kamusi ya kijana imeandika kazi ya ukubwani ya neno hili, ikaacha kuzaliwa kwake.

II. ABATI ALIYEDHANI KWAMBA «SI KITU» NI KITU

Karibu mwaka wa 800, katika jumba la Mfalme Karolo Mkuu, alikuwapo Mwanglo-Saksoni mmoja jina lake Fredegisus. Alikuwa mwanafunzi wa Alcuin wa York, na Alcuin alipokufa mwaka wa 804, yeye akawa abati wa Mt. Martino huko Tours mahali pake. Mtu huyu aliandika barua kwa Kilatini juu ya «si kitu» na juu ya giza. Hoja yake ilikuwa hii: kila jina linataja kitu fulani. Ukisema mtu, jiwe, mti, mara moja akili inakiona kitu chenyewe. «Nihil» ni jina. Basi lazima litaje kitu. Akaongeza: Kanisa linafundisha kwamba Mungu aliumba nchi, maji, moto, mwanga, malaika na roho ya mwanadamu kutoka «nihil». Kwa hiyo, asema, hiyo «nihil» lazima iwe kitu kikubwa sana, kwa kuwa mambo makubwa namna hii yametoka humo. Jambo hilo lilimshughulisha Karolo Mkuu mwenyewe, hata akamwandikia mtaalamu mwingine, Dungal, kuomba maoni yake.

Msimcheke abati huyu upesi. Kila katekista amekutana naye darasani. Ukiwaambia wakatekumeni kwamba Mungu aliumba ulimwengu kutoka si kitu, mmoja atainua mkono akuulize: «Hiyo si kitu ilikuwa wapi? Ilikuwa nyeusi? Nani aliiweka?» Kosa halimo katika akili ya mwulizaji. Limo katika neno «kutoka», ambalo linamfanya awaze udongo wa mfinyanzi au ubao wa seremala.

La ajabu ni kwamba Fredegisus angeweza kupona kwa lugha ya mama yake. Alifikiri kwa Kilatini, ambamo «nihil» inasimama kama jina lililo zima, akadanganyika. Angejiuliza tu jinsi wazee wake walivyosema, «kamwe hakuna kiumbe», angeona mara moja kwamba neno lile halitaji kitu chochote cha pembeni, bali linakana viumbe vyote. Nadhani hapa tuna onyo kwa sisi sote tunaosoma imani yetu katika lugha ya kujifunza. Lugha ya shule hutupa majina mazito; lugha ya nyumbani mara nyingi inajua vizuri zaidi.

Mababa na walimu wa Kanisa walikwisha kuliona shimo hilo. Mt. Augustino wa Hippo, katika kitabu alichoandika karibu mwaka wa 389 juu ya kazi ya mwalimu, anazungumza na kijana wake Adeodatus. Wanafika kwenye neno «nihil» ndani ya shairi la Virgil, nao wanakwama: kama kila neno ni alama, hili ni alama ya nini? Wanakisia kwamba labda linaonyesha hali ya moyo unaotafuta kitu usikione. Kisha Augustino anafanya mzaha kwamba waendelee mbele, isije «si kitu» ikawazuia njiani. Mt. Anselmo, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury toka 1093 mpaka 1109, aliandika kwamba tukiulizwa mtu aliyenyamaza anasema habari gani, tunajibu «hakuna kitu», maana yake hasemi. Na Mt. Tomaso wa Akwino alieleza kwamba kuumba kutoka si kitu ni kuumba pasipo kutumia kitu. Ni sawa na kusema adhuhuri hutoka katika asubuhi: maana yake huja baada yake, wala haikufinyangwa kwa asubuhi.

Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa yaliyotangazwa katika Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka wa 1215, na yanayoelezwa tena katika Katekisimu ya mwaka wa 1992. Lakini mwalimu bora kuliko wote katika somo hili ni yule mama wa Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7. Alikuwa amekwisha kuona wanawe sita wakiuawa, naye alimsihi wa mwisho atazame mbingu na nchi na vyote vilivyomo, atambue kwamba Mungu hakuvifanya kwa vitu vilivyokuwapo. Mama huyo hakuwa akifundisha falsafa. Alikuwa akimtia mtoto wake moyo: Yule aliyekupa kuwapo pasipo kutumia kitu, anaweza kukupa tena.

III. KUTOKA UMASKINI MPAKA UOVU

Mt. Anselmo alitazama pia desturi nyingine ya kusema. Mtu wa hali ya chini akiinuliwa na mkubwa hata apate mali au heshima, watu husema kwamba amefanywa kuwa kitu kutoka si kitu. Ni neno la sifa kwa yule mkubwa. Lakini tusikilize vizuri linasema nini juu ya maskini: kabla ya kupata mali, hakuwa kitu. Na hapa tunaingia katika safari ya pili ya «naught», safari yenye huzuni.

Kutokana na «naught» Waingereza walifanya neno «naughty», yaani mwenye si kitu. Mwishoni mwa karne ya 14 maana yake ilikuwa wazi: fukara, asiye na chochote. William Langland, katika shairi lake kubwa *Piers Plowman*, analitumia mahali panapohimiza kuwasaidia kwa mali wahitaji na wasio na kitu. Basi katika mwanzo wake neno hili lilikuwa ndani ya mwito wa kutoa sadaka. Lakini wakati uleule, na zaidi katika karne zilizofuata, likaanza kuwa na maana ya mtu asiyefaa, kisha mtu mwovu. Aliyekuwa hana kitu akawa si kitu. Aliyekuwa si kitu akawa mbaya. Katika karne ya 17 neno lilianza kulegea, likatumiwa kwa watoto wakorofi, na leo mama wa Kiingereza akimwita mtoto wake «naughty» anamwambia tu kwamba ni mtundu. Wanaolitumia hawakumbuki tena kwamba zamani lilimtaja mtu mwenye njaa.

Waingereza hawakukosa peke yao. «Vilain» ya Kifaransa ilikuwa mkulima wa shambani. Leo ni mtu mbaya, au mwenye sura mbaya. Na neno letu sisi, «maskini», ambalo tumelipokea kwa Waarabu, lilifika pia Ufaransa kwa njia ya Italia, likawa «mesquin». Wafaransa wakisema mtu ni «mesquin» wanamaanisha kwamba ana moyo mdogo, ni bahili. Ajabu kweli! Mnyimwa amegeuzwa kuwa mnyimi. Ukiona maneno ya lugha mbalimbali yanaporomoka kwenye mteremko mmoja, ujue mteremko huo umo moyoni mwa mwanadamu. Mtu aliyeshiba hapendi kumwona fukara bila kujitetea, na utetezi ulio rahisi ni kusema: «Yuko hivyo kwa sababu ni mbaya.»

Sasa twende polepole, kwa maana hapa pana haki na dhuluma katika neno moja. Kuuita uovu «naught» ni haki. Mt. Augustino alitufundisha kwamba uovu hauna mwili wala asili yake wenyewe. Ni upungufu wa mema yanayotakiwa kuwapo, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona katika jicho. Waebrania nao walimwita mwovu mtu wa Beliali, neno ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa «pasipo faida», na Mt. Paulo akalitumia kama jina la adui wa Kristu. Kwa hiyo mwenye dhambi amejipunguza mwenyewe. Lakini maskini aliyekosa shati na unga, amepungukiwa na nini katika utu wake? Hakuna. Amekosa kitu, hakukosa kuwa mtu. Neno lililochanganya kukosa mali na kukosa wema limefanya kazi ya hakimu aliyepokea rushwa.

Katika Mithali, sura ya 20, yumo mnunuzi sokoni anayeibeza bidhaa, asema ni mbaya, ni mbaya. Kisha akiondoka anajisifu. Biblia ile ya 1611 imetia «naught» katika kinywa chake. Nani kati yetu hajamwona mtu huyo? Anaigeuza kitambaa, anakunja uso, anasema ni bure kabisa. Ameshusha bei, anakibeba anakwenda zake akicheka. Nadhani ndivyo tulivyowafanyia maskini. Tunawaita bure ili tuwapate kwa bei ndogo.

IV. MFALME LEAR NA BINTI ALIYEJIBU «SI KITU»

Mwenye kutaka kuona maana zote za neno hili zikipigana mahali pamoja, asome *King Lear*, mchezo wa Shakespeare uliochezwa mbele ya Mfalme James huko London tarehe 26 Desemba 1606, siku ya Mt. Stefano.

Mfalme mzee anataka kuwagawia binti zake watatu nchi yake. Anawauliza nani anampenda zaidi, ili ampe fungu kubwa. Wawili wa kwanza wanamwaga maneno ya asali. Cordelia, mdogo, anayempenda kweli, akiulizwa atasema nini, anajibu kwamba hana la kusema: si kitu. Baba anamwonya kwa hekima ya wapagani wa kale kwamba katika si kitu hakitatoka kitu. Cordelia habadili neno lake, naye anafukuzwa pasipo mali.

Wako wasomaji wanaomlaumu Cordelia kwamba ni mkaidi: angepungukiwa na nini kusema maneno mawili matamu kwa mzee? Mimi siwezi kukubali. Baba alikuwa ameweka upendo kwenye mizani ya soko, na katika soko la namna hiyo mtu mwaminifu hana cha kuuza. «Si kitu» yake ni sawa na ile ya Mt. Anselmo: ananyamaza. Kosa ni la Lear, anayeisikia «si kitu» kama Fredegisus alivyoisikia, kana kwamba ni jina la kitu kilichomo ndani ya binti yake: moyo mtupu.

Kisha mchezo unamfundisha mfalme maana ya neno lake. Binti waliopata nchi wanamnyang'anya askari wake na heshima yake. Mcheshi wake anamwambia usoni kwamba sasa yeye ni sifuri isiyo na tarakimu mbele yake. Akiwa bado na tumaini kwa binti wa pili, anamshtaki wa kwanza kwamba ni «naught», yaani mwovu. Hajui kwamba wa pili hana nafuu. Na bwana mmoja mzee, Gloucester, akiwa amefungwa kwenye kiti na huyo binti wa pili akimng'oa ndevu, anamwita «naughty». Leo watu wa Uingereza wakilisikia neno hilo wanaweza kutabasamu, kana kwamba mzee anamkemea mtoto mtundu. Si hivyo. Wakati ule lilikuwa shtaka zito kabisa: wewe umekuwa upungufu mtupu. Hapo neno limetumiwa kwa haki, kwa maana linamwangukia mtesaji.

Sehemu iliyo bora kwangu ni ile ya usiku wa tufani. Mfalme asiye na nyumba anawakumbuka fukara wote walio uchi katika mvua, anakiri kwamba alipokuwa na enzi hakuwajali vya kutosha. Mara anakutana na mwombaji aliye uchi, anamtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anamwona mtu. Yule ambaye wakubwa wote wangemwita si kitu, mfalme anamwona kuwa ndiye mwanadamu mwenyewe. Anataka kuvua nguo zake awe kama yeye. Mhubiri gani ameeleza vizuri zaidi?

Lakini mchezo huu una mpaka wake. Shakespeare aliuweka katika nyakati za wapagani, naye anauacha humo. Cordelia anarudi kumsaidia baba yake, anamsamehe asiweke hesabu ya makosa, kisha ananyongwa, na mzee anakufa akiwa amembeba. Msomaji Mkristu anabaki amesimama kwenye Ijumaa Kuu, hakuna anayemwambia habari ya siku ya tatu. Simlaumu mwandishi, alionyesha mpaka pale macho ya mtu asiye na Injili yanapofika. Ila sisi tunajua kwamba neno la Lear, katika si kitu hakitatoka kitu, ni kweli kwa seremala na kwa mfinyanzi, wala si kweli kwa Mungu. Yule mama wa Wamakabayo alijua kuliko mfalme.

V. NA SISI JE?

Ndugu zangu, huku kwetu hatusemi «naught». Tunasema «mtu bure». Tunasema «yule si kitu». Tunalisema juu ya mjane anayekaa nyuma kanisani kwa sababu hana kitenge kizuri, juu ya mkimbizi aliyefika bila sufuria, juu ya mwanamke asiyezaa, juu ya kijana aliyekosa ada ya shule. Na mimi niandikaye siko nje ya hesabu hii. Mwaka mmoja, katika mtihani wa kabla ya Komunyo ya kwanza, mtoto mmoja hakujibu hata swali moja. Nilimwambia mbele ya wenzake: «Wewe ni bure kabisa.» Dominika tatu hakuonekana. Nilipokwenda kwao nikakuta kwamba alikuwa akilala njaa, na jioni alikuwa akichota maji ya kuuza wakati wenzake wakikariri masomo. Alikuwa hana kitu, nami nilimwambia kwamba si kitu. Ni safari ileile ya Waingereza, wao kwa miaka mia na zaidi, mimi kwa pumzi moja. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake.

Mt. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 1, asema kwamba Mungu amevichagua vitu visivyohesabiwa kuwa kitu, ili avibatilishe vile vinavyojiona kuwa kitu. Na kwa Wafilipi asema kwamba Kristu mwenyewe alijifanya mtupu, akatwaa hali ya mtumwa. Baada ya hapo nani atathubutu kumwita mwenzake utupu? Amemtaja Bwana.

Sasa nimjibu kijana wangu. Maji ya Yeriko yalikuwapo. Mt. Yeronimo katika Kilatini ameyaita mabaya sana, na Waingereza waliyaita «naught», kwa sababu yalipungukiwa na uzima ambao maji yanatakiwa kuwa nao. Elisha hakuyamwaga akatafuta mengine. Alikwenda kwenye chemchemi yenyewe, akatia chumvi, na Mungu akayaponya. Ndivyo inavyompasa Mkristu afanye na kila kilichoitwa si kitu: aende mpaka chemchemi, aangalie kumepungua nini, atie chumvi.

Na mara nyingine neno «bure» likikujia mdomoni juu ya mtu, ukumbuke jinsi wale wazee wa Uingereza walivyounda neno lao. Walipotaka kusema hakuna kitu, iliwalazimu kutaja kiumbe kwanza. Kiumbe hicho kingali ndani ya neno mpaka leo, na aliyekiumba anasikia.